Duka la vyakula la kikundi kwa mkopo wa asilimia 10: mwongozo kamili kwa waliorudishiwa maombi

Tangu mikopo ya halmashauri irejee mwaka wa fedha 2024/25, maswali ninayoletewa yanafanana: "Andiko letu limerudishwa tena, kosa ni nini?" Nikiliomba hilo andiko, yaani mpango wa biashara wa kuombea mkopo, nilisome, nakutana na yaleyale. Kikundi kinataka "duka la kisasa la vyakula", kinaomba milioni kumi na tano, hakisemi duka litakaa wapi, na ukurasa wa faida umeandikwa kana kwamba kila shilingi inayoingia kwenye droo ni faida.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya Tanzania vinavyotaka kufungua duka la vyakula mahali ambapo mama akikosa unga lazima apande bodaboda. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Wengi huanza na hatua ya tano, yaani kuandika, na ndiyo maana wanarudishwa.

## Mkopo wenyewe, kwa maneno machache

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Hata hivyo ni deni. Usimsikilize anayewaambia ni "hela ya serikali, hairudi". Ameharibu vikundi vingi huyo.

Katika halmashauri 10 zilizochaguliwa kwa majaribio, Jiji la Dodoma na Manispaa ya Songea zikiwemo, fedha zilipangwa kupitia benki. Kwingine ni halmashauri yenyewe inayokopesha. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata mko upande upi, kwa sababu foleni ni tofauti.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kushika kalamu

- Wanachama watano au zaidi kwa kikundi cha wanawake au vijana. Kwa watu wenye ulemavu idadi ni ndogo zaidi, na hata mmoja peke yake anaweza kuomba.
- Namba ya NIDA ya kila mwanachama, na jina liwe lilelile kwenye kila karatasi.
- Katiba ya kikundi na cheti cha usajili kutoka halmashauri.
- Akaunti ya benki kwa jina la kikundi.
- Daftari la mihutasari ya vikao lenye saini halisi.
- Makubaliano ya pango ya fremu, hata kama bado hamjalipa.
- Bei za jumla mlizokusanya wenyewe, kutoka maduka mawili au zaidi.
- Kikokotoo na mizani ya kuazima.

Hiyo mizani si mapambo. Mtaiona kazi yake hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Hesabuni wateja kabla ya kuhesabu fedha

Nendeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa mkaulize eneo lina kaya ngapi. Kwa mujibu wa Sensa ya 2022, kaya moja nchini ina wastani wa watu 4.3. Kitongoji cha kaya 200 kina watu kama 860, na wote hao wanakula kila siku.

Kisha tembeeni. Kutoka katikati ya kitongoji hadi duka la karibu lenye mchele, mafuta na mboga ni dakika ngapi kwa mguu? Bodaboda ni shilingi ngapi kwenda na kurudi? Kama nauli ni 2,000 na mtu anafuata kilo mbili za sembe, nauli hiyo ndiyo sababu ya duka lenu kuwepo. Iandikeni.

Siku tatu mfululizo, mwanachama mmoja akae karibu na fremu mnayoitaka, asubuhi na jioni, ahesabu wanaopita. Siku moja iwe Jumapili. Nimeona kikundi kikipanga fremu nzuri kando ya barabara ya lami, kumbe wanaopita pale wako ndani ya daladala.

Tahadhari: Kama kuna mangi mita mia moja kutoka hapo mwenye duka lililojaa, msijidanganye kwamba watu watamhama kwa kuwa ninyi ni kikundi. Anawauzia kwa mkopo na anajua majina ya watoto wao.

Utajua mmefaulu mkiwa na nusu ukurasa wenye idadi ya kaya, umbali, nauli na idadi ya wapitaji.

## Hatua ya 2: Jikagueni wenyewe

Mwanachama mwenye ajira rasmi hatakiwi. Yule dada anayefundisha shule ya msingi na ana moyo sana wa kikundi, atoke kwenye orodha kabla faili halijaenda. Kwa kikundi cha vijana, angalieni tarehe za kuzaliwa kwenye NIDA, si umri ambao mtu anautaja kwa mdomo.

Wanachama wasiwe watu wa familia moja waliokusanyika wiki iliyopita. Kamati huuliza, na mtendaji anawajua. Kikundi chenye daftari la akiba ya kila wiki, hata ya 2,000 kwa kichwa, kinaaminika kuliko chenye katiba iliyochapwa vizuri na mihutasari mitano iliyoandikwa siku moja kwa kalamu moja.

Amueni pia sasa hivi, kwa maandishi: nani atakaa dukani, atalipwa kiasi gani, nani anashika fedha, nani anakagua. Anayeuza asiwe ndiye anayetunza hesabu. Swali hili likiachwa hadi fedha ziingie, kikundi huvunjika kabla duka halijafunguliwa.

## Hatua ya 3: Pimeni faida ya kweli ya kila bidhaa

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu andiko hufia hapa.

Nilikaa na kina mama fulani pembezoni mwa mji, kwenye mkeka chini ya mwembe, wakinionyesha hesabu yao ya sukari. Mfuko wa kilo 50 kwa 130,000. Watauza kilo 2,800. Hamsini mara 2,800 ni 140,000, kwa hiyo faida 10,000 kila mfuko. Mhasibu wao alikuwa ameipigia mstari mara mbili kwa wino mwekundu.

Nikawaomba tununue mfuko mmoja kweli. Bodaboda ya kuuleta, 2,000. Tukaufungua, tukapima robo na nusu kama wateja wanavyonunua, tukafunga. Kila robo ilizidi kidogo, maana mkono wa mwanamke anayempimia jirani yake hauwezi kukaza. Nyingine ilibaki kwenye mishono ya mfuko, nyingine ikamwagika. Tulipomaliza tulikuwa tumepata kilo 49.

Kilo 49 mara 2,800 ni 137,200. Toa mfuko 130,000, bodaboda 2,000, vifungashio 1,500. Imebaki 3,700. Wakakaa kimya, halafu mmoja akacheka: "Kumbe tungekuwa tunawauzia watu sukari yetu bure."

Hizo ni bei za siku ile. Wekeni za kwenu. Ila zoezi lifanyeni kweli kwa bidhaa tano zinazotoka sana: sukari, sembe, mchele, mafuta ya kupima na maharage. Mafuta msiyasahau, kwa sababu dumu la lita 20 huacha kitu kwenye kuta zake na kwenye kipimo.

Mtagundua kwamba sukari na unga huvuta watu lakini hulipa kidogo. Vinavyolipa ni viungo, dagaa, majani ya chai ya kufunga, vitunguu, mayai. Duka lenye unga na sukari tupu litajaa watu na mtaji utakatika huku mkishangaa.

Nyanya na mboga zina faida nono kwenye karatasi. Lakini tenga la nyanya likifika siku ya tatu, mafungu ya chini yameshaoza. Anzeni na nusu tenga, mchukue mara mbili kwa wiki. Kama kuna mwanachama mwenye bustani, nunueni kwake kwa bei iliyoandikwa, si kwa kuelewana.

Utajua mmefaulu mkiwa na jedwali la bidhaa 15 hadi 20: bei ya kununua, usafiri, upungufu, bei ya kuuza, faida halisi. Tafuteni wastani. Katika mifano ya hapa chini natumia 10 kwa kila 100 ya mauzo. Wa kwenu ukitoka 7, tumieni 7. Msitumie 10 kwa kuwa mmeiona hapa.

## Hatua ya 4: Rejesho litoke kwenye faida

Tuseme mnaomba 6,000,000. Mgawanyo unaweza kuwa hivi:

- Bidhaa za kuanzia: 4,000,000
- Rafu na kaunta: 400,000
- Mizani: 150,000
- Leseni, usajili na mashine ya risiti: 850,000
- Pango la miezi sita: 360,000
- Akiba ya dharura: 240,000

Gharama za kila mwezi: muuzaji 150,000, pango 60,000, umeme 25,000, kodi na ushuru 100,000, vitu vilivyooza au kuharibika 65,000. Jumla 400,000. Pango liwekeni hata kama mmelipa miezi sita mbele, maana mwezi wa saba utafika.

Mkirejesha kwa miezi 12, rejesho ni 500,000 kwa mwezi. Ongeza gharama 400,000, duka linatakiwa kuzalisha faida ya 900,000. Kwa wastani wa 10 kwa 100, hayo ni mauzo ya 9,000,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa siku. Kama mteja mmoja hununua kwa wastani wa 2,000, mnahitaji manunuzi 150 kila siku. Rudini hatua ya kwanza: kaya ziko 200. Je, kaya tatu kati ya nne zitakuja kwenu kila siku, mvua na jua? Sidhani.

Kwa miezi 24, rejesho ni 250,000. Faida inayotakiwa ni 650,000, mauzo 6,500,000 kwa mwezi, takriban 217,000 kwa siku, manunuzi kama 109. Hapo bado ni pagumu, lakini panafikika.

Angalieni pia mzunguko. Mauzo ya 9,000,000 yana bidhaa zilizonunuliwa kwa 8,100,000. Mzigo wenu ni wa 4,000,000, kwa hiyo lazima uishe na kununuliwa upya mara mbili kila mwezi. Kwa mpango wa miezi 24 ni kama mara moja na nusu. Vitu vinavyokaa rafuni miezi miwili, kama vyombo vya plastiki na mafuta ya nywele, vinakaba mtaji. Viacheni kwanza.

Kama hesabu haifungi, punguzeni kiasi. Mkopo wa 3,500,000 wenye hesabu iliyofunga una nafasi kubwa ya kupita kuliko wa 15,000,000 wenye ndoto. Na hata ukipita huo mkubwa, ni ninyi mtakaoulipa.

Utajua mmefaulu pale kila mwanachama, hata asiyejua kuandika vizuri, anapoweza kusema bila kusoma: "Tunatakiwa kuuza kiasi hiki kwa siku."

## Hatua ya 5: Andiko

Sasa ndiyo andikeni. Kurasa nne hadi sita zinatosha. Kikundi ni nani, duka litakuwa wapi na kwa nini pale, wateja ni wangapi, bidhaa na bei, mgawanyo wa fedha, hesabu ya rejesho, nani anafanya nini, na mtafanya nini mambo yakienda vibaya. Hiyo ya mwisho wengi huiruka. Andikeni mambo mawili ya kweli: bei ya mchele ikipanda mtafanyaje, na muuzaji akiugua nani atakaa dukani.

Msinunue andiko la steshenari. Najua yapo, yanauzwa kwa bei ya soda mbili, unabadilisha jina tu. Kamati imeyasoma mara hamsini. Niliwahi kusoma moja la duka la vyakula lenye aya nzima kuhusu chanjo ya kuku.

## Hatua ya 6: Kupeleka maombi na kulifuatilia faili

Maombi sasa hupitia kwenye mfumo wa mtandao, Wezesha Portal. Kama hamna anayejua kompyuta, afisa maendeleo ya jamii wa kata anawajibika kuwasaidia. Subirini tangazo la halmashauri, kwa kuwa dirisha hufunguliwa na kufungwa, na faili lililofika baada ya kufungwa linangoja awamu nyingine.

Ombi huanzia ngazi ya kijiji au mtaa, likaenda kata, kisha kamati za halmashauri. Watakuja kuwatembelea. Siku hiyo wanachama wote wawepo, kwenye fremu, na daftari la mihutasari mkononi. Mwenyekiti asijibu kila swali. Kamati ikimuuliza mwanachama aliyekaa nyuma "mnauza unga kilo shilingi ngapi?" naye akamtazama mwenyekiti, imeshajua.

Tahadhari: Fomu haiuzwi, na hakuna "asilimia ya mtu aliyesaidia". Akitokea wa kudai chochote, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Msilipe "kidogo tu ili faili litembee". Atakayekula mwanzoni atarudi fedha zikitoka.

Mkirudishiwa, ombeni sababu kwa maandishi. "Limerudi" si sababu.

## Hatua ya 7: Fedha zimeingia

Wiki hii ndiyo ya hatari kuliko zote. Watu wenye ada za watoto na mabati ya kumalizia nyumba wanaitazama akaunti yenye mamilioni. Kabla ya kutoa chochote, fanyeni kikao, someni mgawanyo wa hatua ya nne kwa sauti, kila mtu asaini. Hakuna kugawana, hakuna "kukopeshana kidogo kwanza".

Kisha kwa mpangilio huu:

1. TIN, yaani namba ya mlipakodi, kutoka TRA. Haina malipo. Hapohapo ulizeni kikundi chenu kitakadiriwaje kodi. Mashine ya risiti hutakiwa mauzo yakifika milioni 11 kwa mwaka, ambayo ni kama 30,000 tu kwa siku. Duka la hatua ya nne linavuka hapo mbali sana.
2. Leseni ya biashara ya halmashauri, kupitia mfumo wa TAUSI.
3. Afisa afya akague fremu: sakafu, hewa, maji, panya.
4. Usajili wa jengo la chakula TBS (Shirika la Viwango), ambayo ilichukua kazi hiyo kutoka iliyokuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) mwaka 2019.
5. Mizani ikaguliwe na Wakala wa Vipimo. Mizani isiyo na alama ya ukaguzi ni faini, na mteja akihisi anapunjwa harudi.

Mzigo wa kwanza nunueni kwa nusu ya fedha za bidhaa, si zote. Uzeni wiki mbili, muone nini kinatoka, ndipo mnunue nusu ya pili. Bei zote ziandikwe kwenye daftari la manunuzi pamoja na risiti.

Mwenye duka la jumla akiwapa mali kauli, yaani mzigo wa kulipia baadaye, chukueni kwa bidhaa zinazotoka ndani ya wiki tu, na tarehe ya kulipa iandikwe ukutani.

## Hatua ya 8: Kuendesha duka bila kula mtaji

Madaftari matatu: mauzo, manunuzi, madeni. Jioni fedha zihesabiwe mbele ya mtu wa pili. Mauzo ya lipa namba yaandikwe kando, kwa sababu hayapo kwenye droo na ni rahisi kusahaulika au kusahaulishwa.

Kila Jumapili usiku hesabuni mzigo uliopo rafuni kwa bei ya kununulia, ongezeni fedha zilizopo na madeni mnayodai, toeni mnachodaiwa na duka la jumla. Jumla hiyo isishuke chini ya mtaji wa bidhaa mlioanza nao. Ikishuka wiki mbili mfululizo, kuna kitu: mizani, mkono wa mtu, bei mbaya, au wanachama wanaochukua unga kwa "nitalipa mwisho wa mwezi".

Kuhusu kukopesha wateja, sitawaambia msikopeshe. Kijijini haiwezekani, na jirani mwenye msiba hawezi kuambiwa "hatuna utaratibu huo". Wekeni kikomo cha jumla, tuseme 150,000 kwa duka zima, kwa mfano tu. Madeni yakifika hapo, daftari linafungwa hadi mtu alipe. Muuzaji asibebe aibu ya kukataa. Abandike tangazo lenye saini ya kikundi, amwonyeshe mtu kwa kidole.

Mwanachama hanunui kwa mkopo kabisa. Hili liingie kwenye katiba.

## Hatua ya 9: Rejesho

Kwa kawaida mnapewa miezi mitatu ya mwanzo kabla ya kuanza kurejesha. Hakikisheni mkataba unasema nini, kisha tengeni rejesho tangu mwezi wa kwanza hata hivyo. Kwa mpango wa miezi 24, miezi mitatu mara 250,000 ni 750,000 iliyolala benki. Hiyo ndiyo itakayowavusha mwezi wa masika, barabara ikikatika na wateja wakikosa fedha.

Lipeni benki kwa namba mliyopewa, kamwe si mkononi kwa mtu, awe na kitambulisho au asiwe nacho. Kila stakabadhi ipigeni picha, kisha ibandikeni kwenye daftari. Nimekutana na kikundi kilicholipa kila mwezi na bado kikaandikwa wadaiwa sugu, kwa sababu malipo manne yalipitia kwa mtu aliyesema "nitawapelekea".

Mkiona mwezi huu hamtafikisha, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii kabla ya tarehe, na daftari mkononi. Mkiwa na 120,000 kati ya 250,000, lipeni hiyo 120,000. Kikundi kinachojificha ndicho kinachofuatwa na mtendaji na mgambo.

Rejesho la mwisho likiingia, ombeni barua ya kumaliza deni yenye muhuri. Toeni nakala tatu, moja ikae kwa mwenyekiti, moja kwa mhasibu, moja dukani ndani ya bahasha ya nailoni, mbali na mafuta.